Fastjet na Precision: nani aliisoma biashara ya ndege vizuri zaidi?

Mzee wa Ruti: Wakuu, salaam. Ubishi ulianzia kijiweni, nimeona niulete huku. Precision ilianza 1993 kule Arusha na ndege ndogo za kukodi, ikakua taratibu hadi kuwa na ATR, ndege za pangaboi, za viti 48 na 70. Fastjet iliingia Novemba 2012 kwa kishindo: Airbus A319 za viti 156, nauli kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi, mwaka uliofuata ikafika Johannesburg. Mwanzoni mwa 2019 haikuwepo tena kwenye anga la Tanzania. Precision inachechemea lakini inaruka. Njia ipi ilikuwa sahihi?

Pangaboi: Jina langu limeshajibu 😂. A319 ikijaa, gharama kwa kila kiti ni tamu kuliko ATR. Isipojaa, umekwisha. Dar–Mwanza itajaa, lakini ruti za namna hiyo tunazo ngapi? Bukoba penyewe A319 haitui, uwanja mfupi. ATR inatua, inakula mafuta kidogo, na ikirudi na abiria 40 mwenye ndege analala usingizi.

Dada Mkaguzi: Unawaonea. Kabla ya Fastjet, wengi ndege tulikuwa tunaisikia ikipita juu tu. Wao walipandisha watu ambao maisha yao yote ni basi. Mimi naona kilichowamaliza ni dola. Kukodi ndege ni dola, vipuri dola, mafuta yanafuata dola, halafu tiketi unauza kwa shilingi. Na ile 32,000 ilikuwa ya anayewahi kununua. Sisi tunakata tiketi siku mbili kabla ya safari kisha tunalalamika bei.

Mzee wa Ruti: Baadaye si walibadilisha wakaleta Embraer E190, ndogo zaidi? Mbona haikuwaokoa?

Fundi_K: Walichelewa, mkuu. Kufikia hapo serikali ilishaanza kuifufua ATCL, yaani Air Tanzania, 2016, na zile pangaboi za Q400. Ndege zilikuwa za serikali, ATCL ilikodishiwa tu. Kampuni binafsi inayohangaika na deni itashindana vipi hapo? Novemba 2018 Lawrence Masha, waziri wa zamani, akanunua hisa za Fastjet Tanzania, Desemba TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakaibana kwa madeni na kukosa ndege. Ila msisahau, hata Precision iliwahi kuonja shimo hilohilo: ilichukua Boeing 737, ikauza hisa kwenye soko la hisa la Dar (DSE) 2011, hasara zikafuata, Boeing zikaondoka. Ikarudi kwenye ATR zake.

Mwanaziwa: Msiiabudu ATR. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision ilianguka ziwani hapa Bukoba, watu 19 wakafariki kati ya 43. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika. Mkilinganisha mashirika, linganisheni na viwanja vyenyewe, na uokoaji.

Pangaboi: Hapo sina ubishi, pole sana ndugu yangu. Nilikuwa naongelea hesabu za biashara tu. Ningepewa shirika leo, ningeanza na ATR mbili, ruti tatu, na Johannesburg ningeisahau.

Dada Mkaguzi: Na hizo ATR mbili utazikodi kwa pesa gani?

Pangaboi: …Dola. Umenikamata, dada.