Morris Minor Traveller ya 1967: nianze na mbao au na chuma?

Mwana_Katuba

Jambo kwenu, wazee na ndugu zangu. Marehemu baba ameniachia gari la Morris Minor Traveller la mwaka 1967, lile refu lenye fremu ya mbao sehemu ya nyuma. Alilinunua Ndola, Zambia, akalivusha mpakani Kasumbalesa enzi ambazo usukani wa kulia haukumshangaza mtu hapa Lubumbashi, na limesimama muda mrefu chini ya mwembe. Injini bado inazunguka, kwa hiyo hofu yangu haiko huko. Mbao zilizo chini ya madirisha zimekuwa nyeusi, ndani ya mfereji ambamo kioo huteleza kumeota kuvumwani, na nikibonyeza kona ya chini karibu na gurudumu la nyuma, kidole gumba kinazama. Vizingiti vya chini ya milango vimetoboka, na upande wa dereva ninaiona ardhi kupitia sakafu.

Fundi mmoja wa bodi amependekeza aondoe mbao zote, afunge bati bapa kila ubavu, apige mastiki, kisha apake rangi ya kahawia. Bei yake ni nafuu, naye anasema zile mbao ni pambo tu. Mimi ningependa kuzirudisha kwa mulombwa, yaani mninga. Je, ni kweli kwamba ni pambo? Na nikiamua kuzirudisha, nimwite kwanza seremala au fundi wa kuchomelea?

Yaya_Kamalondo

Mdogo wangu, pole kwa msiba. Nadhani fundi huyo hajakosea sana. Mjomba wangu alikuwa na Traveller, na mbao zilipochakaa alizibandua, akaziba matundu, akaendelea kwenda nalo Likasi bila tatizo lolote. Sioni sababu ya kutupa pesa kwenye mbao ambazo mchwa watazirudia.

Fundi_Kampemba

Kwa heshima zote, Yaya, kama mbao zilibanduka na gari likabaki zima, basi mjomba alikuwa na Mini Traveller, ile fupi ambayo injini yake imelazwa kwa upana. Kwenye Mini mbao zimebandikwa juu ya bodi ya chuma iliyokamilika. Morris Minor Traveller, iliyotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, ni habari nyingine: chuma cha bodi ya juu kinaishia nyuma ya milango ya mbele, na kutoka hapo mbao ndizo zinazobeba paa, vioo, mabawa ya magurudumu ya nyuma na ile milango miwili ya nyuma. Mabati ya ubavuni ni alumini nyembamba iliyoshikiliwa na fremu hiyo. Huko Uingereza, kabla magari mengi ya zaidi ya miaka 40 hayajasamehewa ukaguzi wa mwaka mnamo 2018, gari la aina hii likiwa na mbao zilizooza lilikuwa likikataliwa kwenye ukaguzi huo, sawa na gari lingine lenye chesisi iliyokatika. Anayetaka kuweka bati bapa analazimika kuunda kwanza mifupa mipya ya chuma ndani, jambo ambalo sina shaka halimo katika bei uliyopewa.

Sasa swali lako la pili. Mwite fundi wa kuchomelea kwanza, lakini usimruhusu ang'oe mbao. Hata zikiwa zimeoza, bado zinakuonyesha paa linapaswa kukaa wapi. Pima ukiwa nazo, kutoka kona hadi kona, na uandike vipimo vyote ubavuni kwa chaki na katika daftari pia. Kabla ya kukata kizingiti, chomelea kwa muda vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kwa maana gari likijipinda hata kidogo wakati kizingiti hakipo, mlango hautafunga tena.

Hicho kinachoonekana si kibaya zaidi. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi, ugonge ule mhimili unaopita kwa upana chini ya sanduku la gia. Ndipo zinaposhikwa fito za chuma zinazojisokota, ambazo ndizo springi za mbele, na kwenye ncha zake ndipo jeki inapowekwa. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Kagua vilevile mahali springi za nyuma zinapofungwa. Udongo wetu mwekundu hujaa ndani ya vizingiti, huziba vitundu vya kutolea maji, na kila masika hugeuka tope lisilokauka hadi Mei. Ikiwa gari liliishi pia upande ule unaopelekewa moshi wa bomba kuu la kiwanda cha kuyeyushia shaba, usishangae kukuta kutu mahali pasipo na maji, kwa sababu salfa katika moshi hufanya umande kuwa asidi.

Jambo moja la usalama ambalo mafundi wetu hulipuuza: toa tangi la mafuta kabisa. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Na kwa kuwa gari lako ni la usukani wa kulia, pampu kuu ya breki imo chini ya sakafu hiyohiyo iliyotoboka. Itoe, la sivyo joto litachoma mipira yake.

Seremala_Ruashi

Fundi amemaliza upande wake, naomba niingie kwenye mbao.

Za asili ni za mti wa Ulaya ambao Wafaransa huuita frêne, mti unaovumilia mtikisiko, ndiyo maana huko hutengenezewa mipini ya nyundo. Udhaifu wake ni kwamba huoza upesi maji yakituama. Kwa hiyo mulombwa si chaguo baya hata kidogo: kiini chake hakiozi kwa urahisi, mchwa hawakipendi, na kikishakauka hakipindi sana. Kataa kabisa sehemu nyeupe ya nje ya gogo, kwa kuwa hiyo huliwa na wadudu. Mubanga, mti wetu mwingine mgumu, ungedumu zaidi, lakini ni mzito, na utamaliza meno ya misumeno yangu.

Shida ya mulombwa wa sokoni ni kwamba huuzwa ukiwa mbichi. Nunua sasa, upasue kwa unene unaozidi kidogo, upange kivulini ukitenganisha kila ubao kwa vijiti, na uache kiangazi chote kipite wakati fundi anashughulika na vizingiti. Ukiunganisha mbao mbichi mwezi wa Machi, kufikia Agosti viungo vitakuwa vimeachia.

Usitupe kipande chochote cha zamani, hata kile kilichobaki unga nusu. Kila kimoja ni kielelezo. Unganisha ubavu mzima mezani, kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, ndipo uubebe na kuufunga kwenye gari. Tumia skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, kwa maana chuma cha kawaida kikikutana na unyevu wa mbao huacha madoa meusi. Sehemu ambazo ni nyeusi tu bila kuwa laini, usizibadilishe: kwangua vanishi, pitisha msasa kufuata nyuzi, kisha osha kwa asidi ya oksaliki ukiwa umevaa glavu, kwani ni sumu.

Mwana_Katuba

Nimepitisha nyundo jana. Mhimili wa kati ni mzima upande wa kushoto, ila ncha ya kulia imeoza. Mahali pa springi za nyuma ni pazima pande zote mbili. Mulombwa nitaanza kuutafuta wiki hii. Seremala, vanishi niipake kabla au baada ya kufunga ubavu kwenye gari?

Seremala_Ruashi

Kabla, angalau mikono miwili ya kwanza. Ule wa mwanzo uchanganye na kiyeyushi ili uzame ndani, na usisahau ncha zilizokatwa, kwa sababu mbao hunywa maji kwa nchani kuliko ubavuni. Alumini inapogusa chuma, weka mastiki laini isiyokauka katikati, maana zikigusana kwenye unyevu alumini huliwa. Mfereji wa kioo utobolewe vitundu vya kutolea maji na upakwe ndani kabla kioo hakijaingia, kwa kuwa baada ya hapo brashi haifiki.