Mwenzenu nimekwama kwenye linki listi, nikaze au niruke?

Binti_Mwani (Jumanne, saa 4 usiku)
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mie nipo Pemba upande wa Wete, nna mwaka na kidogo najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, peke yangu, video na laptopu ya kaka yangu basi. Listi nshazijua, lupu nshazijua, fankshini naandika. Sasa nimeingia data strakcha, yaani njia za kupanga data ndani ya programu, na hapa kwenye linki listi leo siku ya nne nipo pale pale, nikiangalia video naelewa, nikiifunga nikaandika mwenyewe sioni kitu. Nikaze niimalize kabla ya Jumamosi au niruke niende kwenye somo jengine, data ya kupangwa kama miti? Na kama kuna njia ya kuielewa haraka naomba mnijuulishe. Ahsanteni.

Nahodha_Mtulivu
Waalaykum salaam ukhti. Fikiria umetumwa Ng'ambo nyumba huijui. Unamuuliza wa kwanza, anakwambia mimi sijui lakini nenda kwa yule muuza mkaa, muuza mkaa anakupeleka kwa fundi cherehani, fundi anakutoa mpaka mlangoni. Hakuna anayejua mtaa mzima, kila mmoja anamjua anayefuata tu. Hiyo ndo linki listi. Kumtia mtu mpya katikati ni rahisi, unabadilisha nani anamwelekeza nani. Kumtafuta wa 30 ndo kazi, lazima uwapitie 29 kwanza. Chora kwenye karatasi, mishale kwa penseli, ndo urudi kwenye kodi, yaani maandishi ya programu.

Koda_wa_Darajani
Achana na linki listi bibie, kajue kwanza kasi ya kila kitu. Majina milioni moja yakiwa yamepangwa kwa alfabeti, ukitafuta kwa kukata nusu kwa nusu unalipata kwa hatua 20 hivi. Ukianza juu kwenda chini unaweza kupita yote milioni. Mie nilikwenda Dar kwenye intavyuu ya kazi nikaulizwa hilo hilo, nikababaika, nikarudi na boti ya mchana, njia nzima sikusema na mtu. Usije ukafikwa na yaliyonifika.

BabuKarafuu
Wanangu mie kompyuta siijui lakini mjukuu wangu alinieleza steki na foleni nikamwambia mbona hayo nimeyalipia. Mwaka mmoja nilipanga magunia ya karafuu stoo, jipya juu ya la zamani, na kila nikiuza natoa la juu. Nilipofika chini, gunia za mwanzo zimeshika ukungu, ukitia mkono zinatoka vumbi jeupe, harufu ya karafuu hakuna. Hiyo ndo steki, na mie nilitakiwa nifanye foleni, aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Na nyinyi vijana muache pupa, video haimfundishi mtu kazi, kazi inafundishwa na kazi.

UkhtiNargis
Mie naona swali hakuna aliyeliuliza. Jumamosi kuna nini?

Binti_Mwani
Hakuna kitu ukhti, nimejiwekea lengo tu.

UkhtiNargis
Mtu hajiwekei lengo la linki listi akawa macho saa sita za usiku. Sema mdogo wangu, hapa hujulikani.

Binti_Mwani (Jumatano, saa 1 asubuhi)
Haya nasema. Mama yangu yumo kwenye kikundi cha hisa, kinamama 38, wengi wao wanalima mwani baharini. Wanakutana kila Jumamosi, hisa moja elfu mbili, kila mtu ana kitabu chake kinagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Mie ndo katibu wao tangu Januari. Daftari kubwa la kikundi tumeliacha, niliwaambia hesabu zote zitakaa kwenye kompyuta wakafurahi mpaka wakanipigia vigelegele. Nimetengeneza listi mbili, moja ya majina na moja ya hisa, yaani mtu wa saba kwenye majina hisa zake ni za saba kwenye ile nyengine. Jumamosi tano nyuma mmoja aliondoka, anahamia Unguja kwa mumewe, nikafuta jina lake, kule kwenye hisa nikasahau. Sasa majina 37, hisa 38, na kuanzia pale kwenda chini kila mtu anasoma hisa za mwenzake. Jumamosi hii ndo mgao. Kwenye video wamesema linki listi ukimtoa mtu katikati wengine hawasogei, kwa hivyo nishaamua naiandika programu yote upya kwa linki listi na usiku wa Ijumaa namrudisha kila mtu pahala pake. Kabla ya asubuhi itakuwa sawa na hakuna atakayejua. Nshaanza, nimefika mbali.

Koda_wa_Darajani
Linki listi ya nini yakhe? Lirudishe lile jina pale lilipokuwa, mstari mmoja tu wa kodi, umemaliza.

Nahodha_Mtulivu
Hapana Koda. Jumamosi zote zilizofuata Binti alikuwa akitafuta jina, anapata namba yake, anaongeza hisa kwenye namba hiyo kule upande wa pili. Jina limesogea, hisa hazikusogea. Ukilirudisha jina, za kabla zitakaa sawa lakini za wiki tano zitabaki kwa asiye mwenyewe.
Binti, linki listi haikutoi hapo. Kusogea si tatizo lako, tatizo ni kuwa jina na pesa zake umeviweka vyumba viwili tofauti, kimoja kikiguswa chengine hakina habari. Tumia dikshonari ya Python, kila kitu kinakaa chini ya ufunguo wake. Ufunguo uwe namba ya uanachama, ndani yake uweke jina na hisa za kila Jumamosi na tarehe yake, usiweke jumla peke yake. Ukimtoa mtu anatoka na vyake vyote. Na usithubutu kufanya jina kuwa ufunguo, wakiwapo wawili wa jina moja wa pili anamfuta wa kwanza na programu haisemi kitu.

Koda_wa_Darajani
Hapo kweli nimekosea. Kwa faida ya wanaosoma, hiyo dikshonari ya Python kwa ndani ni hashi tebo, ufunguo unapigwa hesabu ikatoka namba ya kisanduku, unakwenda moja kwa moja bila kupita kwa jirani. Fikra hiyo aliiandika Hans Peter Luhn wa IBM mwaka 1953. Na kuanzia Python 3.7 inatunza mpangilio ulioingizia, kwa hivyo orodha yako haitavurugika ukiichapisha.

Binti_Mwani
Wa jina moja wapo. Fatma Ali wawili (majina nimebadili). Aliyeondoka ni mmoja wao.

Nahodha_Mtulivu
Ulimfuta vipi? Kwa namba au kwa jina?

Binti_Mwani
Kwa jina. Amri ya remove, nikatia jina lake.

Nahodha_Mtulivu
Remove inamtoa wa kwanza inayemkuta. Aliyeondoka kwenye orodha ni wa juu au wa chini?

Binti_Mwani
Wa chini.

MkataNgebe
Jamani hii chai. Majina 37 hisa 38, Fatma wawili, aliyeondoka ni wa chini na amefutwa wa juu, mgao Jumamosi hii. Hili ni swali la mtihani limevishwa buibui, mtu anatafuta kufanyiwa asainmenti. Na nimeingia kwenye nyuzi zake za zamani, mwezi wa tatu akaunti hii hii iliuliza bei ya pikipiki ikasema "mke wangu hataki". Leo amekuwa binti wa mwani.

Koda_wa_Darajani
Duh. Na mimi nimeandika mpaka mwaka wa Luhn.

BabuKarafuu
Fatma Ali wawili kina ajabu gani? Simama kwetu uite Fatma Ali, watatoka milango mitano.

MkataNgebe
Babu majina sibishi. Anijibu moja tu, kama ni kweli halikosi jibu. Huyo Fatma aliyeondoka alipewa shilingi ngapi, na kwa hesabu ipi?

UkhtiNargis
Mtu akiomba maji usimuulize kwanza kiu kaitoa wapi. Binti usiondoke, jibu tu.

Binti_Mwani (Alkhamisi, saa 11 alfajiri)
Akaunti ni ya kaka yangu na laptopu pia ni yake, nimesema toka mwanzo. Pikipiki alinunua.
Swali la MkataNgebe limeninyima usingizi. Alilipwa kwa kitabu chake, mihuri 61, laki moja na elfu ishirini na mbili. Siku ile nilifungua programu kwanza, nikaangalia mstari wake ule wa chini, nikaona 0. Niliiona wallahi. Mwenyekiti kasimama, kasha liko wazi, nikasema labda sikumwandikia, nikachukua kitabu chake nikahesabu mihuri nikasoma 61. Hakuna aliyeuliza. Nikafuta jina nikafunga laptopu.

Nahodha_Mtulivu
Sifuri ile ilikuwa inakwambia. Index, ile amri ya kutafuta namba ya jina, nayo inakupa wa kwanza tu. Tangu Januari kila ulipowaandikia Fatma hawa, hisa za wote wawili ziliingia kwa yule wa juu. Wa chini hajawahi kuandikwa hata siku moja. Kwa hivyo makosa si ya wiki tano, ni ya miezi, na ndani ya laptopu hakuna njia ya kuyatenganisha kwa sababu ulitunza jumla peke yake. Vitabu vipo?

Binti_Mwani
Kila mtu anacho chake nyumbani.

Nahodha_Mtulivu
Basi ukweli upo huko. Vikusanye.

Binti_Mwani
Nikivikusanya nshajitangaza. Mama ndo alinisemea mbele yao, aliwaambia mwanangu amesoma. Mie naona nikiandika vizuri Ijumaa usiku nitakadiria, Fatma najua kawaida yake ananunua tatu tatu, wengine nawakumbuka.

UkhtiNargis
Utakadiria pesa za mwanamke anayesimama baharini maji kiunoni toka alfajiri? Hapana mdogo wangu. Mie nilikuwa na ufunguo mmoja katika zile kufuli tatu za kasha la kikundi chetu, Makunduchi, najua wanawake hawa wanavyohesabu. Kila mmoja anajua mihuri yake kama anavyojua watoto wake. Utakosea kwa watatu na Jumamosi watasimama mbele ya mama yako kitabu mkononi. Mwamshe mama sasa hivi.

BabuKarafuu
Na useme mwenyewe kabla hujaulizwa. Mie yale magunia nilimficha mwenzangu wa biashara wiki nzima, aliyajua kwa harufu.

MkataNgebe
Haya, nimeamini, mtu hatungi ile sifuri. Niwie radhi binti. Nikupe kitu kimoja kitakusaidia. Mistari ndo imechafuka, jumla haikuchafuka. Kila hisa uliyoandika imeingia kwa mtu fulani, hata kama siye. Kwa hivyo jumlisha ile listi ya hisa yote, toa 61 za aliyeondoka kwa sababu kule hukuzifuta, halafu hesabu mihuri ya vitabu 37. Zikilingana, hakuna iliyopotea. Zisipolingana utajua zimezidi au zimepungua ngapi kabla hujakaa mbele ya watu. Na lile faili la zamani usiliguse, tia kopi kwenye fleshi.

Binti_Mwani (Ijumaa, saa 3 usiku)
Nimemwambia mama baada ya Alfajiri jana. Alikuwa anafunga kanga aende pwani, akakaa. Akasema "kwa hivyo wewe hulali kwa hili?" Akaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, mie nyuma yake. Tumepita nyumba kwa nyumba, vitabu 36 vimepatikana, cha 37 mwenyewe yupo Chake Chake atakuja nacho asubuhi.
Sasa tupo barazani. Mama anahesabu mihuri kwa kidole, anasema namba, mie naandika, mwenyekiti anaangalia kwenye kioo cha laptopu kama nimeandika alichosema. Namba ya uanachama, jina, tarehe, hisa, kama alivyosema Nahodha. Kitabu kimoja kiliingia maji ya bahari, wino wa zambarau umetanda kurasa nne, mwenyewe tumemwita amekaa hapa anatutajia Jumamosi moja moja na mwenyekiti anakubali au anakataa.
Jumla ya laptopu nikitoa zile 61 ni 2,904. Tumefika kitabu cha 22. Umeme umekatika, betri asilimia 41, mama kawasha kandili anasema tuendelee.