Hati ya upekuzi ya mashine ya boti: askari anaishia wapi?

Mwalo_Kibirizi:
Wakuu, mashine ikiibwa hapa Kigoma, msako hutoka mwaloni ukaingia majumbani. Tuseme hati imeandikwa "mashine ya boti Yamaha, farasi 40". Askari anaruhusiwa kufungua droo? Kuingia kwenye simu? Kubeba televisheni? Na mjumbe aliyeitwa kushuhudia asaini nini?

Sura_ya_20:
Soma maneno ya hati, ndiyo mpaka. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za vifungu ni za toleo la 2022) kinataja vitu vya aina tatu: kilichohusika katika kosa lililotendeka, kinachoweza kuwa ushahidi, na kilichokusudiwa kutumika kutenda kosa. Televisheni isiyohusiana na wizi huo haimo.

Droo ni suala la ukubwa. Mashine nzima ya farasi 40 haikai humo, sasa unaivuta ukitafuta nini? Ila hati ikisema "mashine au sehemu zake", mambo yamegeuka: plagi zinaenea hata kwenye kopo la majani ya chai, na propela inalala chini ya kitanda. Mpelelezi anayejua kazi huandika hivyo tangu mwanzo.

Kilichochukuliwa kitolewe stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba, ndugu yake wa karibu au anayekaa pale, pamoja na mashahidi. Mjumbe asisaini kabla hajaisoma namba ya mashine kwa macho yake. Itafute kwenye bano linaloshika boti. Stakabadhi ikisema "mashine moja" tu, mahakamani wakili atauliza ni ipi. Namba imekwanguliwa? Iandikwe "imekwanguliwa".

Jicho_la_Ujiji:
Nyongeza kuhusu simu. Ina njia yake: kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hapo mkuu wa kituo cha polisi ndiye anayetoa amri, akiwa na sababu za msingi kuamini kifaa kinaweza kuwa ushahidi. Kwa hiyo msibishane mlangoni kwamba karatasi haina muhuri wa hakimu. Hata kifungu cha 38 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuandika idhini pale ambapo kuchelewa kutafanya kitu kihamishwe au kiharibiwe; baadaye anatakiwa kumpa hakimu taarifa ya sababu na matokeo.

Mwalo_Kibirizi:
Asante. Na wakija saa tatu usiku?

Sura_ya_20:
Hati hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama, Jumapili ikiwemo. Usiku ni kwa ruhusa ya mahakama. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Mwenendo kinaruhusu kuingia bila hati jambo likiwa zito na la dharura, na hapo ndipo mabishano mengi ya kesi hizi hutokea.

Jicho_la_Ujiji:
Shahidi aingie pamoja na askari, asiitwe vitu vikiwa tayari vimepangwa mezani. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Ila utaratibu ukikiukwa msishangilie mapema: kifungu cha 169 cha sheria hiyo hiyo ya Mwenendo kinaiachia mahakama ipime kama ushahidi huo upokelewe au la.