Tupeane uzoefu: gazoni ndogo juu ya mawe ya volkano, Goma

Wa Katindo
Jambo wapendwa. Parseli (viwanja vya nyumba) nyingi hapa zimekaa juu ya lava, ile ya mlipuko wa 2002 au ya zamani zaidi. Gazoni (majani ya uwanja) ikitandazwa uwanja mzima, kufika Julai imekuwa rangi ya mkeka. Tupeane uzoefu wa kuipunguza ibaki pale tu watu wanapokaa. Vipimo tafadhali.

Mama Keshero
Papa, anza na bidoni (madumu ya maji) kabla ya kamba ya kupimia. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, kila mita ya mraba inataka kama lita 10, mara mbili kwa wiki. Mita 20 za mraba (4 kwa 5) ni bidoni 10 za lita 20 kila unapomwagilia. Mita 100 ni bidoni 50, na nani atazibeba? Hesabu bidoni ambazo nyumba inaweza kutoa kwa siku moja, zidisha kwa mbili: hizo ndizo mita zako za mraba. Zinazobaki weka graviye (kokoto) na maua.

Fundi wa Ndosho
Mama amesema kweli, lakini maji hayasaidii kama chini hapakutengenezwa. Watu wanamwaga udongo sentimita 5 juu ya lava. Jiwe jeusi linashika joto la mchana na mizizi haina pa kukimbilia. Tena lava ina nyufa: mvua kubwa ikinyesha, udongo unazama humo, asubuhi unakuta mashimo.

Vunja kwa nyundo vichwa vya mawe vilivyochomoza, vipande hivyo vizibe nyufa: vya ukubwa wa ngumi chini, kisha graviye, juu changarawe ndogo mpaka kidole kisipite. Mwaga bidoni moja polepole juu ya kila ufa. Changarawe ikizama pamoja na maji, ongeza, mwaga tena. Usichoke hapa, maana baadaye hutaweza kurudi chini.

Halafu udongo sentimita 20. Kwa mita 20 za mraba ni mita za ujazo 4: tatu za udongo, moja ya mbolea ya takataka iliyooza mpaka haina harufu. Toroli ya lita 60 itakwenda kama mara 67. Mwagilia, acha wiki mbili ushuke, sawazisha mabonde, ndipo upande.

Yaya wa Himbi
Majani: pasipalumu. Majani ya kikuyu yanapendeza lakini yanakimbia, yatakudai kukatwa kila mara na yataingia kwenye maua. Pasipalumu inatambaa polepole na mizizi yake inakwenda chini sana. Kasoro yake ni vile vijiti vya mbegu vyenye ncha mbili, vinasimama siku chache tu baada ya kukata.

Panda mvua ikirudi Septemba. Vipande vyenye mizizi, kila sentimita 15: kama 44 kwa mita ya mraba, karibu 900 kwa mita 20. Fukia mpaka shingo, kanyaga kwa kisigino. Kipande kinachocheza ukikivuta kidogo kitakauka. Wiki nane za kwanza ng'oa magugu kwa mkono baada ya mvua, yanatoka na mizizi yote. Ukikata, acha sentimita 6 au 7; ukinyoa mpaka udongo uonekane, magugu yanapata jua.

Mama Keshero
Na chini ya mwavokado, yaya?

Yaya wa Himbi
Hapo pasipalumu inakonda, mama. Weka ile karanga ya kutambaa yenye maua ya njano, *Arachis pintoi*. Vipande vya sentimita 20, vifundo viwili ndani ya udongo, kila sentimita 25. Miezi ya kwanza iko polepole, palilia. Ikishafunga haikatwi, ila isiwe njia ya kupita kila siku.

Wa Majengo
Umbo: pembe ziwe za mviringo, na usiache ukanda mwembamba chini ya mita moja, unakauka pande zote mbili. Mawe ya ukingo yazamishwe yalingane na udongo, kupekupe (panga la kukatia majani) ipite juu bila kugonga.

Na maji ya bati yasianguke juu ya gazoni, yanachimba mfereji. Yapeleke kwenye pipa: bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 600 kabla ya yanayomwagika. Pipa lifunikwe, mbu.

Wa Katindo
Fundi, changarawe ya juu ya nyufa, ile nyeusi nyepesi inafaa?

Fundi wa Ndosho
Inafaa, ila ichekeche kwanza. Vumbi lake likibaki, mvua inalishusha na ufa unafunguka upya.