Nataka kuhama Minnesota kwenda Texas na binti yangu, baba yake hataki. Naombeni ushauri

MamaNaa: Habari zenu wakuu. Nipo Minneapolis, nina binti wa miaka 7, mimi na baba yake tulishaachana. Nimepata kazi Dallas kwenye nyumba ya kulea wazee, hela nzuri kuliko hapa na dada yangu yupo kule atanishikia mtoto nikiwa shifti ya usiku. Baba mtu kasikia kaja juu, eti nikiondoka nimeiba mtoto. Mtoto wangu mwenyewe naibaje jamani?

Kobe Mzee: Rudianeni mlee mtoto.

Mdau wa Houston: Jiandae na joto tu. Mimi nilihama na wanangu sikuomba ruhusa ya mtu, ila baba yao yuko Mwanza na hata hela ya daftari hatumi.

Shangazi Korti: Dada, kuna amri ya mahakama inayompa baba siku zake au mliachana kienyeji?

MamaNaa: Ipo. Jumatano jioni na wikendi moja ndiyo moja hapana. Ila mara nyingi haji, mtoto anakaa na koti lake mlangoni mpaka analala nalo. Na apatimenti nshalipia dipoziti so msiniambie nisiende.

Shangazi Korti: Wewe nenda hata kesho, mtoto ndo hapana. Minnesota humhamishii jimbo lingine bila baba kukubali au hakimu kuamuru, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Siku asizokuja andika tarehe, meseji usifute.

Kijana wa Tandale: Sepa kimya kimya, miezi 6 ikiisha kesi ni ya Texas.

Shangazi Korti: Usimpoteze mwenzio. Hiyo miezi 6 ni pale ambapo hakuna amri ya kabla. Minnesota imeshaamua na baba bado anaishi hapo, kesi inabaki huko.

Kobe Mzee: Ngojeni. Mwezi wa 3 huyu huyu alikuwa na mtoto wa kiume na mume yuko Ohio. Hii chai.

Kijana wa Tandale: 😂😂 naleta vitafunwa

MamaNaa: Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu, hana akaunti humu. Mnaniumiza.

Shangazi Korti: Chai au si chai, wapo wanaosoma yamewakuta. Dada, aliwahi kukupiga?

MamaNaa: Ndiyo. Polisi walikuja. Sikutaka kuyaleta humu.

Shangazi Korti: Hilo ndo lilitakiwa kuwa la kwanza mama! Hakimu akiridhika kwamba alikupiga, mzigo unahamia kwake, yeye ndo aeleze kwa nini usihame. Fuatilia ripoti ya polisi, tafuta msaada wa kisheria wiki hii, na mwenye apatimenti muombe akusogezee tarehe.