Tupeane uzoefu: riwaya za majini na sayari za miaka hii, ipi uliiamini?

BintMwani (Jambiani, kwa sasa Mwanakwerekwe)

Assalaam alaykum wana barza. Leo mpira na siasa tuviweke kando. Nataka tupeane uzoefu wa riwaya za ajabu: za majini, za sayari, za dunia zisizokuwepo. Za karibuni khasa, si zile tulizosomeshwa skuli. Naanza mie.

Vitabu vyangu vingi vinatoka hotelini. Kaka yangu anafanya kazi kwenye hoteli moja huku pwani, na wageni wakiondoka huacha vitabu kwenye rafu ya mapokezi. Vingine vimevimba kwa maji ya chumvi, vingine ukivifungua mchanga unamwagika mapajani. Ndivyo nilivyokipata Piranesi cha Susanna Clarke, kilichotoka 2020, jalada la nyuma halipo.

Kuna mtu anaishi karibu peke yake ndani ya nyumba isiyo na mwisho, ukumbi baada ya ukumbi, kote masanamu. Kumbi za juu zimejaa mawingu, za chini zimejaa bahari. Kurasa ishirini za mwanzo nikasema huyu mwandishi ananichezea. Halafu nikafika pale anapoandika jedwali lake la maji kujaa na kupwa. Anajua maji ya kumbi hizi na hizi yatakutana siku gani, na siku hiyo lazima awe keshapanda juu. Anavua samaki, anapika supu ya mwani, mwani mwengine anaukausha apate cha kuwashia moto. Hapo nikajiweka sawa kwenye kiti.

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Darasani hajawahi kukaa, ila mwezi ukiandama anajua bamvua, yale maji makubwa, linaanza lini, shamba litakauka saa ngapi, na kwamba kesho maji yatachelewa kama dakika 50. Kuna siku nilimbishia kwa sababu nilikuwa na saa mpya mkononi. Tulipofika shambani maji yashatufika kiunoni, vigingi havionekani. Akanambia, "Haya, ionyeshe bahari hiyo saa yako."

Kwa hivyo nyumba ile niliiamini kwa lile jedwali. Robo ya mwisho, siri inapofumuka, nilipoa. Nilitaka kubaki na yule bwana na maji yake.

Haya, semeni. Kitabu gani ulikiamini, na ni pahala gani khasa ulipoanza kukiamini? Ulichokitupa pia sema, usione haya.

Nahodha_Mstaafu (Mkokotoni)

Waalaykum salaam mwanangu. Mie macho yashachoka, mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kunifasiria baada ya isha. Tumemaliza The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, cha 2023. Ni bahari yetu hii hii ya Hindi, karne ya 12. Nahodha mwanamke, kesha acha uharamia, katulia nyumbani na bintiye. Anamjia bibi mmoja tajiri, mjukuu wake kachukuliwa na Mfaranja, yaani Mzungu. Basi mama wa watu anarudi baharini kuwatafuta mabaharia wake wa zamani, mmoja mmoja.

Unaniuliza wapi nilipoamini? Kwenye goti. Yule nahodha goti linamuuma. Kila akipanda, kila akiruka, goti. Langu la kulia lilikufa kwa miaka ya kupandisha foromali, na mpaka leo linanambia mvua ikija kabla ya redio. Nimesikia hadithi nyingi za manahodha, wote vijana, wote vifua wazi. Huyu ndiye wa kwanza kumsikia anashuka chomboni huku anaguna.

Mumewe wa zamani si binadamu. Hilo sikulishangaa, nawajua wenye waume wabaya kuliko huyo. Ila upepo wa humo ndani unakuja mwandishi akiuhitaji. Kusi haiitwi, mwanangu.

Kijana_Darajani

Mie nilikopa kile cha Mchina, cha sayari yenye majua matatu. Nikafika ukurasa wa 40, nikakirejesha. Majina tu yalinimaliza.

Nahodha_Mstaafu (Mkokotoni)

Wachezaji wa timu thelathini za Ulaya unawajua kwa majina na namba za migongoni.

Mwalimu_Fizikia (Wete)

Ami Nahodha umemuweza huyo.

Mimi nataja Project Hail Mary cha Andy Weir, 2021. Jua linafifia kwa sababu ya vijidudu vinavyokula nguvu yake. Mtu mmoja anazinduka ndani ya chombo, hajui jina lake wala alipo. Anaona kitu kikidondoka kinadondoka upesi kuliko kawaida. Badala ya kulia, anapima. Anapata mita 15 kwa sekunde kila sekunde, na duniani ni 9.8. Anatengeneza pendulamu ahakikishe. Jawabu ni lile lile: hapa si duniani. Kumbe naye ni mwalimu wa sayansi wa watoto.

Asubuhi yake niliingia darasani na kufuli na uzi wa nyavu wa mita moja. Maabara yetu vifaa vyake mnavijua wenyewe. Tukaning'iniza kwenye boriti, kubembea mara kumi ikawa sekunde 20, ikizidi au kupungua kidogo kwa sababu ya mkono wa anayebonyeza simu. Nikawaambia: kwa huyu bwana wa kitabuni ingekuwa kama 16. Wakanyamaza. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima sijamsikia, akauliza: "Na mwezini, mwalimu?" Wakahesabu mpaka kengele ikalia na hawakutoka. Karibu 49. Kufuli lile mpaka leo limo mezani kwangu, na ufunguo wake sijui nimeuweka wapi, kabati la skuli linafungwa kwa kamba.

Kasoro: mzaha mwingi. Mtu peke yake angani, mauti mbele yake, kila ukurasa anatania kama yuko kijiweni. Rafiki yake wa sayari nyengine, aliye kama jiwe na anayesema kwa sauti za muziki, ana utu kumshinda.

SingoNaUdi (Konde)

Binti cha Nnedi Okorafor. Cha 2015, ndiyo, lakini mie nimekisoma mwaka juzi, basi kwangu ni kipya. Kwanza jina lilinichekesha. Binti nani? Kwetu neno hilo halikai peke yake, hata Siti alikuwa binti Saad.

Ni msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, hodari wa hesabu, anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyengine. Kwao hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, naye anasafiri na kopo lake. Mie nilipokwenda kusoma Uturuki mama alinitilia sandukuni kopo la singo, ile ya kujisugulia mwili. Dakhalia wenzangu walidhani chakula, mmoja aliwahi kulionja. Lilipobakia kidogo nikawa silipaki, nalifungua tu nanusa nalifunga. Sasa kitabuni kopo linamwishia, na inabidi atengeneze jengine kwa udongo wa ugenini, asijue kama litafanya kazi. Nilikisoma pale mara tatu.

Nilichokikataa: wale viumbe kama konyeza wameua chombo kizima, wenzake wote, na baada ya kurasa chache ni rafiki. Hapana. Mie mtu akinikanyaga kwenye boti ya Pemba namnunia mpaka Mkoani.

Mtembezi (Mji Mkongwe)

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni, kwa hiyo kutwa nzima nafasiri. Babel cha R. F. Kuang, 2022, kilinikamata kooni. Oxford ya miaka ya 1830. Wafasiri wanachora vipande vya fedha, neno la lugha moja upande huu, tafsiri yake upande wa pili, na ile maana inayodondoka katikati, isiyovuka, ndiyo yenye nguvu. Ndiyo inayokimbiza meli na kushikilia majumba. Wanafunzi wanaokusanywa kutoka Canton, Kalkuta na Haiti wanatoa lugha zao, utajiri unabaki Uingereza.

Nikawaza kipande changu. Juzi nimeingia na wageni nyumba moja Mkunazini, mzee alikuwa kaketi, akataka kuinuka kutupokea, nikasema "Starehe, mzee." Mgeni akaniuliza umemwambiaje? Nikasema nimemwambia asiinuke. Lakini siyo, mmenielewa? Ndani yake mna heshima, mna kumtakia raha, mna kumwambia mimi ndiye mdogo. Fedha yenye neno hilo ingetuliza miguu ya wazee wote wa Unguja, na la Ami Nahodha goti ndani yake.

Jengine. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilishika Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vikabaki mlangoni. Nusu ya kitabu nilikuwa nawaza maneno hayo.

Ila anahubiri huyu dada. Akishakwambia ndani ya hadithi, anakwambia tena chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo.

Mkojani_86

Niwaambieni kitu. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa, Popobawa, lile jini la usiku, kaingia Pemba. Tulilala nje, familia tatu kwenye mikeka, moto katikati. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alimuogopa Popobawa kweli. Lakini kila usiku alichokuwa akikipigia kelele ni wasichana wajifunike vizuri, watu wanapita njiani.

Basi nimekisoma The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, cha 2021, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin. Msichana Aisha, baba yake mvuvi kapotea baharini, anamfuata kwa chombo cha mifupa, akiwa na paka anayesema. Na bibi yake anawaza nini? Kumuoza. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Aliyeandika vile amelelewa na bibi.

Ni kigumu, lazima niseme. Nusu ya pili inakwenda polepole, na kunguru wanazungumza kuliko watu.

Kijana_Darajani

Sasa vyote hivi ni vya Kiingereza! Sisi wa Kiswahili tusome nini?

SingoNaUdi (Konde)

Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, 2001. Mwandishi ni wa huku huku Pemba, na babu anatoka kaburini kuja kumsuta mjukuu aliyelewa ukubwa. Hakina majua matatu, utafika ukurasa wa 41.

Mtembezi (Mji Mkongwe)

Na tafsiri zinawezekana. Gurnah kapata Nobel 2021, mwaka uliofuata kitabu chake Paradise kikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Hawa wa majini na sayari ndio hawajapata mtu.

BintMwani (Jambiani, kwa sasa Mwanakwerekwe)

Shikamoo Ami Nahodha, na ahsanteni nyote. Mkojani, hicho cha Mombasa nakitaka. Ukipata mtu wa boti mpe, nitakifuata bandarini Malindi, hapa Unguja, mwenyewe.

La tafsiri limenikumbusha. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Jambiani, umeme umekatika, nikamfasiria mama kile cha nyumba yenye bahari, kwa tochi ya simu. Alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, hainui kichwa. Nilipofika pa supu akanisimamisha.

"Huo mwani unaota ndani ya nyumba?"

"Ndani, mama."

"Bila jua?"

"Kuna madirisha. Marefu, kila ukumbi."

Akafunga mbegu mbili tatu.

"Na jua linaingia?"

"Linaingia."

"Haya. Soma."