Udi wa kwanza kwa bajeti ndogo, nisije nikapigwa

kidole_kizito: Wakuu habari zenu. Nimepiga gita kama miaka mitatu hivi, sasa udi, kile chombo cha muziki cha nyuzi, umeniingia kichwani hautoki. Ishu ni hela. Mtandaoni naona mmoja una nakshi kuanzia usoni hadi kichwani, bei chee, halafu mwingine mtupu kabisa na bei ni mara mbili. Inakuwaje? Na kuna wa Kiarabu na wa Kituruki, nichukue upi?

mpenda_mbao: Huo wa nakshi ni wa kutundika ukutani mkuu, achana nao. Angalia uso, lile bao la mbele, liwe la mbao nyepesi na lisiwe na vanishi nzito inayong'aa kama meza maana sauti inakufa humo humo. Halafu muhimu kuliko yote, unyanyue kama unalenga bunduki, jicho upande wa kichwa, utazame shingo mpaka kwenye daraja, kile kipande usoni kinachoshika nyuzi. Shingo ikishavutwa mbele nyuzi zinapaa, pale inapoungana na mwili zikipita milimita 3 au 4 hivi juu ya shingo ujue vidole vitakoma na kila noti itatoka juu ya pale unapoitaka. Gita lina kile chuma cha ndani unakaza yanaisha, udi hauna, hapo mpaka fundi aing'oe shingo na kuigundisha upya, gharama yake inaweza kuzidi ya udi wenyewe.

usiku_wa_risha: Mimi wa kwanza uliniumiza kwenye vigingi, vile vya kukazia nyuzi. Nyuzi ni 11, yaani jozi tano na besi moja peke yake, nikifika wa mwisho wa kwanza ushalegea, narudi mwanzo, wiki nzima natyuni tu sijapiga hata wimbo mmoja. Zungusha kila kigingi kabla hujalipa, kiende laini bila kuruka na ukikiachia kibaki hapo hapo. Kikiteleza kidogo tu chaki inatosha, kikigoma paka sabuni kavu.

mpenda_mbao: Kweli kabisa, ila kikiwa na umbo la yai hata upake chaki boksi zima.

nusu_noti: Wa Kituruki ni mdogo, uzi unaopiga una sentimita 58.5 hivi, wa Kiarabu 61 na kuendelea na sauti yake nzito zaidi. Chagua ule unaopenda kuusikiliza basi. Ila wa Kiarabu usiupandishe kwenye tyuni ya Kituruki kwa nyuzi zile zile, iko juu kwa toni nzima, daraja limegundishwa kwa gundi tu na linang'oka.

kidole_kizito: Asanteni sana. Na nikinunua kwa mtu wa mbali je, nitaushika vipi?

usiku_wa_risha: Mwambie akupige picha ya pembeni, rula imesimama pale shingo inapoishia. Na akurekodie kila uzi mmoja mmoja, akikataa hama.

kidole_kizito: Nimemwomba huyo wa bei chee picha ya pembeni, kanitumia ya nakshi, safari hii kaizoom 😂